Likizo ya Meneja

Gari lililobeba vyombo vyao lilipofika, mzee mwenye nyumba hakuuliza habari za safari. Alimwashiria dereva arudi kinyumenyume mpaka uani, upande wa jikoni, ili magodoro yashushwe nyuma ya ukuta ambako majirani hawaoni. Dereva alinung'unika kwamba njia ni nyembamba, atachubua gari la watu. Mzee akamwambia atamwongoza mwenyewe, akasimama nyuma ya gari akipunga mikono kama askari wa barabarani. Alikuwa karani wa mahakama karibu maisha yake yote, na ingawa alikwisha kustaafu, mtaa mzima uliendelea kumwita Karani.

Mwanawe alishuka na begi begani, mkewe nyuma yake, binti yao wa miaka sita katikati. Mwana huyu mtaa ulimwita Meneja. Hakuwahi kuwa meneja. Alikuwa mkuu wa mapokezi katika hoteli kubwa ya mjini. Lakini mara ya kwanza alipokuja kusalimia amevaa koti na tai, mtu alimwita hivyo, baba yake hakumsahihisha, na jina likaota mizizi. Sasa hoteli ilikuwa imepata wenyewe wengine. Walimwekea mezani mkataba mpya wa nusu ya mshahara, na wakamtaka kwanza awaondoe nusu ya wenzake kwa mkono wake. Alikataa yote mawili, akavua tai, akaenda kumwambia mkewe. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi tufungashe kabla kodi haijatufukuza."

Aliyewapokea mlangoni alikuwa mama wa kambo, na hapo ndipo Meneja alipopunguza mwendo. Mwanamke huyu alisoma naye darasa moja shule ya msingi. Mwaka mzima walikaa dawati moja, na ni yeye aliyemwita Kijiti kwa wembamba wake, jina lililomtesa mpaka anamaliza shule. Karani alimwoa miaka michache baada ya kufiwa na mama yake Meneja. Meneja alihudhuria harusi, akapiga picha, akarudi mjini kabla hajalazimika kumwita bi harusi chochote. Leo hapakuwa na pa kukimbilia. Baba alikuwa anatazama.

"Shikamoo, mama," alisema akiangalia kizingiti.

"Marahaba, mwanangu," alijibu mwanamke. Wote wawili walibanwa na kicheko, wakakimeza. Binti mdogo hakuona ugumu wowote. Alimwamkia bibi yake kwa sauti kubwa, akauliza maji ya kunywa yako wapi.

Chumba alichokulia Meneja kilikuwa cha pili kushoto. Alipofungua mlango, joto lilimpiga usoni. Mahali pa kitanda chake palisimama kabati la mbao lenye kioo kidogo na taa nyekundu, likinguruma kama mtu aliyelala na mafua. Ilikuwa mashine ya kutotolesha vifaranga. Biashara hiyo ndiyo iliyompa mama wa kambo jina lake mtaani, Mama Vifaranga. Alieleza, kwa sauti ya mtu anayejitetea, kwamba mayai yalikwisha kuingia wiki ya pili, mashine haiwezi kusogezwa hata kidogo, na nyumba nzima hakuna chumba kingine chenye umeme wa kuaminika.

"Itabidi mlale sebuleni mpaka watoke," alisema. "Samahani. Mlisema mnakuja mwezi ujao."

"Mwenye nyumba wetu hakuupenda mwezi ujao," alijibu mkewe Meneja, akaanza kukunja mikono ya blauzi yake.

Jirani alichungulia juu ya ukuta kuwasabahi. Karani alimwahi kabla mtu mwingine hajafungua kinywa. Akamwambia kwamba Meneja yuko likizo, tena likizo ndefu, maana hoteli inapakwa rangi upya.

* * *

Kuishi sebuleni kuna sheria zake. Godoro lilitakiwa liwe limekunjwa na kusukumwa nyuma ya kochi kabla Karani hajatoka kunywa chai, na Karani alikuwa mtu wa kuamka na taarifa ya habari ya kwanza. Jioni halikuweza kutandikwa mpaka mgeni wa mwisho aondoke, na wageni wa Karani hawakuwa na haraka. Walikuja na kesi zao za mipaka na mirathi, wakazieleza tangu mwanzo. Binti alisinzia kwenye kiti na viatu miguuni. Mama yake alijifunza kubadili nguo stoo, katikati ya magunia ya chakula cha kuku, na akajizoesha kutocheka pale wageni walipomuuliza atarudi lini mjini kwake.

Karani alitoa amri moja tu, lakini ilitosha. Hakutaka kumwona mwanawe barabarani na nguo za kazi. Mtu aliye likizo hutembea jioni, amechana nywele, amebeba gazeti. Kwa hiyo Meneja alifanya kazi uani, nyuma ya ukuta. Alizoa mbolea, akakwangua vyombo vya maji, akarekebisha mlango wa banda uliokuwa umefungwa kwa kamba. Jioni alioga, akavaa shati la hotelini, akapita mbele ya maduka akijibu maswali ya watu kuhusu rangi ya hoteli. Mtu mmoja alimuuliza ni rangi gani wanapaka. Akasema ya maziwa, akajichukia njia nzima.

Mama Vifaranga alimwona anavyorudi kutoka matembezi hayo, uso umemsawijika. Asubuhi moja, wakigeuza mayai pamoja kwenye chumba cha mashine, alimgeukia.

"Mbele ya baba yako niite mama," alisema. "Huku ndani niite utakavyo. Ila shikamoo usiache kunipa. Naipenda."

"Na wewe lile jina la Kijiti umeliacha?"

"Nilikuwa nalo mdomoni siku ile mnashuka kwenye gari. Nikaona Kijiti kimenenepa, nikanyamaza."

Walicheka mpaka mkewe Meneja akaja kuona kuna nini. Kisha Mama Vifaranga akasema lile lililokuwa moyoni mwake. Wateja alikuwa nao wengi kuliko miguu yake. Alikuwa akibeba maboksi mwenyewe, mengine mpaka ng'ambo ya mto, na kwa jua lile baadhi ya vifaranga walifia njiani. Magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Alihitaji mtu wa kupeleka na kuuza, mtu anayejua kuzungumza na watu bila kuwachosha. Meneja akamwambia kwamba anavyomjua baba yake, hatakubali.

"Baba yako namjua, nalala naye chumba kimoja," alisema mwanamke. "Mimi nakuuliza wewe."

Meneja aligeuza mayai ya trei nzima. Mwishowe akaomba ampe muda kidogo.

* * *

Muda wenyewe haukufika mbali. Jumamosi iliyofuata, mwenyekiti wa kamati ya shule alikuja na mweka hazina wake, wote wamevaa vizuri. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, mwalimu wa zamani, na mtu asiyezoea kukataliwa. Meneja aliitwa kutoka bandani. Alinawa mikono mara mbili, akavaa shati, akaingia sebuleni ambako baba yake alikuwa amekaa na tabasamu ambalo hakuwa ameliona tangu afike.

Mwenyekiti alianza mbali, kama ilivyo ada ya watu wanaokuja kuomba. Alisifu malezi ya Karani. Akaeleza paa la madarasa mawili lilivyong'olewa na upepo, na watoto wanavyosoma kwa zamu. Kamati ilikuwa imepanga siku ya kuchangia mabati, na wote kwa kauli moja walimwona Meneja kuwa ndiye anayefaa kuwa mgeni rasmi. Mzee alikwisha kuwakubalia kwa niaba yake. Kadi za mwaliko zilikuwa tayari kupelekwa kuchapwa. Walikuja tu kuuliza cheo chake kiandikwe vipi.

Kila mtu chumbani alijua mgeni rasmi huja na nini mkononi. Mkewe Meneja, aliyekuwa anaingia na sinia la chai, alisimama mlangoni. Kochi la wageni lilikuwa limesukumwa mbele na godoro lililojificha nyuma yake, hata magoti ya mwenyekiti yaligusa meza, na mweka hazina alikuwa amekaa upande kama mtu aliye kwenye benchi la zahanati. Meneja aliliangalia kochi, akamwangalia baba yake. Karani alitikisa kichwa kidogo sana. Ilikuwa ni kumwomba zaidi kuliko kumwamuru, na hilo lilimuuma Meneja kuliko amri.

"Mwenyekiti, msipeleke kadi," alisema. "Mimi si meneja, sijawahi kuwa. Wala siko likizo. Kazi niliiacha na sirudi. Tunaishi hapa hapa sebuleni, na godoro letu ndilo linalokubana."

Mweka hazina alikohoa.

"Siku hiyo nitakuja kama mzazi," aliendelea Meneja. "Binti yangu ataanza shule hiyo hiyo. Kama kuna mabati ya kupandisha juu, nitayapandisha. Lakini fedha za kutaja mbele ya watu sina, na sitaki mje mzihesabu kichwani halafu zisionekane."

Mwenyekiti alisema ameelewa, akasema pole, kisha akaona pole haikukaa vizuri, akasema asante. Chai hawakuimaliza. Karani aliwasindikiza mpaka getini akiwa amenyooka, akazungumza nao mambo ya mvua. Aliporudi hakukaa.

"Ungeweza kusema utasafiri," alimwambia mwanawe. Sauti yake ilikuwa chini. "Ungeweza kusema unaumwa. Umenivua nguo sebuleni kwangu."

"Baba, ningesafiri kwenda wapi?"

"Mwisho wa mwezi mtafute pa kukaa," alisema Karani, akaingia chumbani kwake na kurudishia mlango bila kuubamiza.

* * *

Siku zilizofuata nyumba ilijaa adabu baridi. Karani alijibu salamu, akapokea chai, akasema asante kwa mke wa mwanawe, lakini hakuna neno la ziada lililotoka. Jioni hakukaa tena kibarazani. Meneja alianza kuulizia vyumba vya kupanga upande wa sokoni, bei zikamkata maini. Akamwambia mkewe kwamba labda ingekuwa heri warudi mjini, akaombe ile nusu ya mshahara kama bado ipo.

Mkewe alikuwa anafua uani. Aliikamua nguo aliyokuwa nayo mkononi mpaka tone la mwisho.

"Ukienda utaenda peke yako," alisema. "Tumehama mara moja kwa sababu ya njaa. Kuhama mara ya pili kwa sababu ya aibu, hapana. Mtoto amekwisha kuandikishwa shule. Mimi nimekwenda kule shule ya watoto wadogo kuomba kazi, wameniambia nirudi, na nitarudi mpaka wachoke kuniona. Baba yako akitutoa ndani, tutapanga chumba kimoja hapo nyuma ya soko, na atapita kila siku atuone tunaishi."

Chumbani kwa wazee nako kulikuwa na mazungumzo. Mama Vifaranga hakumtetea Meneja, maana alijua mumewe akisukumwa hujikaza. Alimwambia tu kwamba anataka kumchukua kijana wake awe mchuuzi wake wa vifaranga. Karani alisema hakumsomesha mtoto ili apite mitaani na maboksi ya kuku, watu wanamwona.

"Mimi napita nayo," alisema mkewe. "Na mimi ni mke wako."

Karani aligeukia ukutani. Alikuwa na majibu ya kila aina kwa watu wenye kesi, lakini usiku ule usingizi ulichelewa sana kumjia.

* * *

Mvua ilianza saa za mchana, mvua ya upepo, na umeme ukakatika kabla nguo hazijaanuliwa. Mama Vifaranga alikuwa ng'ambo ya mto kununua chakula cha kuku. Mashine ilinyamaza. Meneja alikuwa amekwisha kuuzoea mngurumo ule kiasi kwamba ukimya ulimshtua. Aliingia chumbani, akatazama kwenye kioo. Baadhi ya mayai yalikuwa na ufa mdogo, na kwenye moja kulikuwa na tundu lenye kitu kinachosogea. Walikuwa wanaanza kutoka.

Simu ya Mama Vifaranga iliita muda mrefu kabla hajapokea. Alisema mto umejaa, magari yamesimama, hajui atavuka saa ngapi. Akamwelekeza haraka haraka. Usifungue mlango ovyo. Chemsha maji, jaza kwenye chupa na madumu madogo, zungushia kitambaa, panga chini ya trei. Funika kabati lote kwa blanketi, lakini matundu ya hewa yaache wazi. Maji yakipoa, badilisha. Usiingize jiko la mkaa humo ndani hata iweje, utawaua wao na wewe pia.

Meneja alimwita mkewe. Waliwasha gesi, wakabandika sufuria zote mbili kubwa. Chupa zilikuwa chache. Binti alitumwa kwa jirani, akarudi amelowa na kikapu cha chupa tupu. Mablanketi ya nyumba hayakutosha kuzunguka kabati, wakatoa ya kwao, kisha ile shuka nzito ya harusi yao ambayo mkewe alikuwa ameificha isiguswe na mtu. Wakawa wanakwenda na kurudi kati ya jikoni na chumba, maji yakimwagika sakafuni. Meneja aliungua kiganja, akakifunga kwa tambara, akaendelea.

Raundi ya tatu gesi ilikwisha. Moto ulififia, ukawa wa bluu, ukazima. Mkewe alitoka kuwasha jiko la mkaa kibarazani nyuma, lakini upepo ulilizima mara tatu. Hapo ndipo Karani alipotokea. Alikuwa amekaa chumbani muda wote, akisikia milango na miguu, akingojea mtu aje kumwomba, na hakuna aliyekuja kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi. Alikuja na mwavuli wake mweusi. Aliufungua, akachuchumaa mbele ya jiko, akaukinga upande wa upepo, na kwa mkono mwingine akaanza kupepea.

Alipepea mpaka mkaa ukashika. Moshi ulimwingia machoni, akayafuta kwa mkono wa shati jeupe. Meneja alipokuja kuchukua maji alimkuta bado amechuchumaa, mvua ikimlowesha mgongo. Akamwambia aingie ndani, atashikilia mwavuli yeye. Karani akakataa.

"Nenda kwa vifaranga," alisema. Kisha, Meneja alipokuwa amekwisha kugeuka, akauliza, "Hao wenzako uliotakiwa kuwafukuza, mkeo kanieleza. Waliondoka?"

"Waliondolewa. Lakini si na mimi."

Karani aliongeza mkaa. "Hilo hukuniambia."

"Hukuniuliza, baba."

Mzee alitikisa kichwa, mara hii kwa kukubali, akaendelea kupepea.

Mama Vifaranga aliingia giza limeshika, amelowa mpaka mfupani, viatu mkononi. Alipitiliza moja kwa moja hadi chumba cha mashine, akainua ncha ya shuka ya harusi, akaingiza mkono ndani kupima joto. Wote walisimama nyuma yake. Hakusema kama pako sawa. Alisema, "Leteni maji mengine." Umeme uliporudi, binti alikuwa amelala juu ya magunia stoo, na sebuleni hakuna aliyekumbuka kutandika godoro.

* * *

Si wote waliopona. Trei ya juu kabisa, ile iliyokuwa mbali na chupa, karibu yote ilikufa ndani ya maganda, na Mama Vifaranga aliyachukua mayai hayo akayafukia mwenyewe nyuma ya banda, hakutaka kusaidiwa. Lakini zilizobaki zilitoa vifaranga kelele tupu, wamelowa kwanza, kisha wamejaa manyoya, wakikanyagana. Aliwahesabu, akasema mwaka jana umeme ulipokatika hakupata hata nusu yao.

Meneja alitoka sebuleni kutafuta maboksi. Alimkuta baba yake amekaa kwenye kiti cha jikoni, mbele yake lundo la maboksi matupu ya dukani. Alikuwa anatoboa matundu ya hewa kwa msumari, safu kwa safu, yamenyooka kama mistari ya hati za mahakama. Karani alisema bila kuinua macho kwamba mashine isiondolewe mle chumbani. Uani kulikuwa na nafasi ya kujenga chumba kingine cha mwanawe na familia yake, kuta za mbao na paa la bati, na fundi anayemjua angekuja kupima. Kabla hakijaisha, meza ya sebuleni ingehamishiwa kibarazani ili watoto wapate pa kulala bila kusubiri wageni. Wageni wenye kesi wangekaa nje, hewa ni nzuri.

"Na mwisho wa mwezi?" aliuliza Meneja.

"Mwisho wa mwezi fundi atataka msaidizi," alisema Karani, akamsogezea boksi lililokamilika. "Shika chini. Usishike pembeni, litafumuka."

Meneja alitoka kwa mlango wa mbele. Alikuwa amevaa fulana ya kazi na kandambili, maboksi mawili yamefungwa nyuma ya baiskeli ya kuazima, yakilia mtaa mzima. Mbele ya maduka mazungumzo yalipungua. Mweka hazina wa kamati alikuwa amesimama dukani. Alimwona, akajifanya anasoma tangazo la ukutani. Meneja alimsalimia kwanza, kwa sauti, akamuuliza siku ya mabati bado ni ile ile. Mweka hazina akageuka, akajibu kwamba ni ile ile, saa mbili asubuhi, na ngazi wanazo mbili tu. Meneja akasema atakuja na ya tatu.

Nyumba ya kwanza ng'ambo ya mto ilikuwa ya mama mmoja mkali, aliyezoea kununua kwa Mama Vifaranga mwenyewe. Alimtazama Meneja kuanzia kandambili kwenda juu. Akafungua boksi, akainua kifaranga mmoja mmoja, akawapulizia manyoya, akawatazama miguu. Akasema huyu anasinzia. Meneja akambadilishia. Akasema na huyu pia. Meneja alimweka huyo chini, akakimbia mpaka chini ya kiti, mama akakubali kwamba huyo basi, yuko mzima. Akamuuliza wapewe maji gani siku ya kwanza, na Meneja akamweleza, kwa utaratibu ule ule aliokuwa akiwaelekezea wageni vyumba vyao.

Mwanamke alifunga boksi, akamlipa. Kisha akashika usukani wa baiskeli kabla hajaondoka.

"Mimi sipendi kubadilishiwa watu," alisema. "Nikizoea mmoja, kesho analetwa mwingine. Mwezi ujao utakuwepo?"

Meneja aliikaza kamba kwenye boksi lililobaki.

"Nitakuwepo," alisema, akapanda baiskeli.